Kaya ya Mfano

Ti!

Kijiko kiligonga ukingo wa kikombe, kikanyamaza. Kisha tena: ti! Mwanamke aliyekuwa akifua nguo upande wa pili wa ukuta aliacha kusugua, akatega sikio, akacheka peke yake. Mtaa mzima uliijua sauti ile. Kijiko kikigonga kikombe asubuhi nyumbani kwa Bi Majibu, basi wageni wa utafiti wako njiani.

"Ya tatu?" iliuliza sauti ya mtu mzima, nene, ya kuamrisha.

Kijiko kilisubiri juu ya kikombe.

"Ya tatu, mwanangu. Umeshataja kutokwa na damu, umetaja mtoto kupunguza kucheza. Ya tatu?"

"Kichwa," ilijibu sauti nyingine, nyembamba, kama inatoka chini ya mto wa kulalia. "Kichwa kinaniuma, mama."

Ti!

"Vizuri! Ila usiseme kinaniuma. Sema, kichwa kuuma sana, kusikotulia kwa dawa. Hapo kwenye 'kusikotulia kwa dawa' ndipo wanapopapenda. Ya nne?"

Sebule ilikuwa imefagiliwa mara mbili. Vitambaa vya makochi vilitolewa sandukuni, bado vina mikunjo ya kukaa muda mrefu bila kazi. Vikombe vya wageni vilipangwa juu ya meza ndogo, na ukutani, palipostahili kuwa na picha ya marehemu mume wake, Bi Majibu alitundika cheti chenye mhuri wa bluu: Kaya ya Mfano. Alikipata kwenye ukumbi wa mtaa, mbele za watu, kwa kujibu maswali yote ya afya ya mama na mtoto bila kukosea hata moja. Mwanamke aliyefua nguo za watu ujana wake wote, aliyezoea kuitwa kwa kupigiwa mluzi, siku ile alipigiwa makofi. Jina Bi Majibu lilianza kama utani wa majirani. Yeye alilipokea kama cheo.

Mke wa mwanawe alikaa kwenye kigoda, mgongo ukutani, miguu mbele. Alikuwa msusi, na mtaani walimwita hivyo hivyo, Msusi. Mimba yake ilikuwa ya miezi minane. Miguuni alivaa kandambili za mume wake, maana zake mwenyewe hazikumwingia tena tangu wiki iliyopita. Nyayo zilikuwa zimeumuka. Ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki na kukutazama.

"Mama," alisema, "na mimi sisemi ya kujibu. Nasema kichwa kinaniuma kweli."

"Nimekusikia. Si ndiyo maana nakwambia utajibu vizuri? Unazungumza kitu unachokijua."

Fundi, mume wake, alikuwa anakunywa chai amesimama mlangoni. Kazi yake ilikuwa kuchomelea mageti, na mikono yake ilijaa vidoa vya moto. Alimtazama mkewe, akatazama kandambili zake, akamtazama mama yake. Mtu mzima, ana karakana na vijana anaowalipa, lakini mbele ya mama yake sauti yake ilikuwa inatoka kwa kuomba ruhusa.

"Mama, kwani muuguzi wa kliniki si alisema presha iko juu, arudi mwanzoni mwa wiki bila kukosa?"

"Alisema."

"Na mwanzo wa wiki umepita."

"Umepita, umeenda wapi? Kesho si siku?" Bi Majibu aliweka kijiko chini. "Mwanangu, leo wanakuja wageni kuhoji mama mjamzito. Wamepita nyumba zote hizo, wamechagua hii. Waje wakute kochi tupu? Waambiwe mjamzito wa Kaya ya Mfano hayupo, ameenda kupanga foleni? Kesho asubuhi mimi mwenyewe nampeleka, nimemshika mkono. Au unadhani mimi sijui dalili za hatari?"

"Hapana, mama. Unazijua."

"Nimefundisha mtaa mzima hapa."

"Najua, mama." Fundi alimeza chai iliyobaki. Akainama kwa mkewe, akamshika bega. "Msikilize mama. Haya mambo anayajua kuliko sisi. Mimi nina geti la mtu, mwenyewe anakuja kulichukua leo."

Msusi alitaka kumwambia kwamba, alipoinama hivyo, nusu ya uso wake ilimpotea machoni. Lakini mume alikuwa ameshatoka, na kutoka nyuma ya ukuta jirani alikuwa anapiga kelele.

"Bi Majibu! Hata ukiulizwa kesho mvua itanyesha saa ngapi, wewe utataja na dakika!"

"Fua nguo zako, shoga!" Bi Majibu alijibu, anacheka kwa furaha. "Wivu unatoa povu kuliko sabuni!"

Ti! "Ya nne, mwanangu."

*

Mtaa ule ulikuwa umehojiwa kama mshukiwa. Walihojiwa habari za vyoo, wakahojiwa habari za vyandarua, wakahojiwa wananawa mikono mara ngapi na kwa maji gani. Maswali yalikuja na magari, majibu yakaondoka na magari, na mtaro uliokuwa unanuka ukaendelea kunuka. Watu wakazoea. Wakajifunza kwamba kila swali lina jibu lake linalopendwa, na kwamba ukilitoa jibu hilo upesi, mgeni anafurahi, anakushukuru, anaondoka. Wengine walijifunza kwa uvivu. Bi Majibu alijifunza kwa moyo wote.

Gari lilisimama nje kabla ya saa sita. Ubavuni liliandikwa Mama Salama, Jamii Salama, kwa herufi za kijani kubwa kuliko milango yenyewe. Dereva alibaki ndani, akalaza kiti, akajifunika uso kwa kofia. Aliyeshuka alikuwa msichana mwembamba mwenye fulana ya mradi na kishikwambi mkononi, kile kidude cha kioo ambacho siku hizi kimechukua nafasi ya karatasi. Ilikuwa nyumba yake ya tano asubuhi hiyo, na koo lake lilikuwa limekauka kwa kurudia sentensi zile zile.

"Karibu mwanangu, karibu mtafiti wetu, keti hapo kwenye kitambaa chekundu, hicho ni cha wageni."

"Asante, mama. Utaratibu wetu ni kuzungumza na mjamzito peke yake."

"Peke yake na nani? Mimi ni mama yake."

"Ni utaratibu tu, mama."

"Basi mimi nitakaa hapa pembeni. Wala hutanisikia."

Mtafiti alifikiria kubishana, akafikiria nyumba zilizobaki, akawasha kishikwambi. Akamgeukia Msusi, ambaye alikuwa amehamishiwa kwenye kochi na kufunikwa miguu kwa kitenge.

"Dada, kwa ujumla unajisikiaje nyumbani? Una amani?"

"Amani tele!" alijibu Bi Majibu kutoka pembeni.

"Mama, swali ni lake."

"Samahani. Endelea."

"Nani anaamua lini uende kliniki?"

Msusi alifungua mdomo. "Tunashirikiana," alisema Bi Majibu. "Mume, mke na familia kwa jumla. Samahani! Jamani, ulimi huu! Endelea, sisemi tena."

Mtafiti alitabasamu kwa adabu, akagusa kioo. Alikuwa amefundishwa hivi: usimfundishe anayehojiwa, usimsifu, usikunje uso, usije ukampotosha. Uliza kilichoandikwa, andika kilichosemwa. Ushauri una ukurasa wake, uko mwishoni.

"Sasa nitajie dalili za hatari wakati wa ujauzito unazozifahamu."

Bi Majibu alinyoosha mgongo. Swali lenyewe ndilo hilo.

Msusi alilisubiri swali hilo tangu asubuhi, lakini kwa sababu yake mwenyewe. Alikuwa amejiambia: huyu ni mtu wa afya. Hanijui, hamwogopi mama. Akiniuliza tu, namwambia.

"Kichwa," alisema. "Tangu juzi. Kimekaa hapa mbele, kama mtu amenifunga kamba halafu anaikaza."

Mtafiti akagusa kioo. "Nyingine?"

"Macho. Naona vimulimuli. Nikifumba naviona, nikifumbua naviona."

"Kuona ukungu au vimulimuli," alinong'ona Bi Majibu, uso unamng'aa. "Sahihi."

"Nyingine?"

"Hapa." Msusi aliweka kiganja chini ya mbavu, upande wa kulia, akakibana. "Panabana. Pumzi ikishuka inakwama hapa."

Kidole cha mtafiti kilisita juu ya kioo. Aliinua macho, na kwa mara ya kwanza aliutazama uso wa aliyekuwa akimjibu. Ulikuwa umevimba, kope nzito, ngozi imevutika hadi inang'aa. Akafungua mdomo. Kisha akakumbuka: usikunje uso.

"Nyingine?" akauliza.

Msusi alimtazama kama mtu aliyebisha hodi, akasikia waliomo ndani wakipunguza sauti ya redio.

"Basi," alisema. "Ni hizo."

"Umeona?" Bi Majibu hakuweza kujizuia, akapiga kofi moja. "Na maelezo ameweka! Wengine wanakariri tu kama kasuku, huyu anaelezea! Mimina chai, mwanangu, mgeni asikauke koo."

Msusi akainuka nusu, akashika birika. Chai ilitoka ikiwa ya moto, ikaanguka pembeni ya kikombe, juu ya meza, ikatambaa kwenye kitambaa, ikaanza kudondoka magotini kwa mtafiti. Mtafiti akaruka. Msusi akaendelea kumimina. Alikuwa anamimina polepole, kwa uangalifu, akitazama pale pale anapomimina.

"We! We! Mikono gani hiyo leo?" Bi Majibu alikurupuka, akampokonya birika, huku akimchekea mgeni ili aibu isionekane kubwa. "Samahani sana, mwanangu, hukuungua? Ni uchovu tu. Jana amesuka vichwa viwili, nikamwambia pumzika, hasikii. Vijana wa siku hizi! Wewe, kalete kitambaa jikoni upesi."

Lakini mtafiti hakuwa anapangusa suruali yake. Aliweka kishikwambi kwenye kochi, kioo chini, akapiga magoti mbele ya Msusi.

"Dada," alisema, na swali hilo halikuwamo kwenye orodha yoyote. "Unaniona?"

"Nakuona nusu," alijibu Msusi. "Upande huu upo. Upande huu haupo."

Kitu fulani kilipita usoni kwa Bi Majibu, kama mtu aliyeitwa kwa mbali na hakuwa na hakika kama ameitwa yeye. "Atakuwa ameamka haraka," alisema. "Kizunguzungu. Kalete kitambaa, mwanangu, halafu..."

Msusi alisimama. Alipiga hatua kuelekea jikoni, akanyoosha mkono kushika fremu ya mlango, akakosa. Shingo yake iligeuka upande kama anaitwa na mtu wa nyuma yake. Kisha akaanguka, na alipofika chini mwili wote ulikuwa umekakamaa. Halafu ukaanza kutikisika.

*

Bi Majibu alikuwa amewahi kusimama mbele ya ukumbi uliojaa wanawake, akawafundisha kwa wimbo na kwa vitendo: mama akipata kifafa cha mimba, mlaze ubavu, usimwekee kitu mdomoni, usimmwagie maji, mkimbizeni hospitali. Hata waliopatia aliwarudisha wakarudia. Sasa alipiga yowe, maji yaletwe. Akakimbilia meza, akachukua kijiko, akarudi, akaanza kukisukuma katikati ya meno ya mke wa mwanawe.

"Mama, hapana! Toa! Toa kijiko!" Mtafiti alimsukuma kwa bega. "Mlaze ubavu! Nisaidie, mlaze ubavu!"

"Ubavu," alisema Bi Majibu, kama anasikia neno hilo kwa mara ya kwanza maishani. "Ubavu, ubavu."

Mtikisiko ukapungua, ukakoma. Msusi akabaki anakoroma, povu lenye damu pembeni ya mdomo, ulimi ameung'ata. Mtafiti alikuwa tayari yuko nje, anagonga kioo cha gari kwa viganja vyote viwili.

Dereva aliinua kofia. Alisikiliza. Akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli.

"Dada, unajua masharti. Gari hii haibebi wagonjwa. Akinifia humu ndani, bima inamkataa, mradi unanikataa. Nina watoto. Nikifukuzwa utawalisha wewe?"

"Ngoja nimpigie mkuu wa mradi."

Alipiga. Ikaita hadi ikakatika. Akapiga tena. Sauti ya karani ikamwambia mkuu yuko kikaoni na watu kutoka nje, aache ujumbe mfupi. "Mfupi kiasi gani?" mtafiti alifoka, machozi yanamtoka. "Mtu anakufa! Umefupika huo?"

Majirani walikuwa wameshajaa. Yule wa nyuma ya ukuta aliingia katikati yao, mikono yote ina povu la sabuni hadi viwikoni, akasimama mbele ya mlango wa gari.

"Kaka dereva," alisema, "mimi sikusoma. Hapa ubavuni mmeandika nini?"

"Mama, tafadhali, huu si wakati..."

"Nisomee tu. Nimeoshwa akili na herufi za gari hili miaka yote, leo nataka kujua zinasema nini."

Dereva alitazama chini. "Mama Salama, Jamii Salama."

"Haya. Mama ni huyo, yuko chini pale. Jamii ni sisi hapa tuliosimama. Mpakie, au nikuletee petroli na tambara ufute."

Hakuna aliyecheka. Mtafiti alifungua mlango wa nyuma kwa nguvu, akatupa nje boksi la vipeperushi, karatasi zikatawanyika barabarani zikiwa na picha za wajawazito wanaotabasamu. "Utasema nimekulazimisha," alimwambia dereva. "Nitatia saini popote. Washa!"

Dereva akawasha. Wanaume wanne walimleta Msusi kwenye shuka, wakamlaza kwenye kiti cha nyuma kwa ubavu, kichwa mapajani kwa Bi Majibu. Mtafiti akapanda mbele. Gari lilipoondoka lilipita juu ya vipeperushi, na watoto wakaanza kuviokota.

Njiani alitikisika tena. Bi Majibu alimshikilia kichwa kwa mikono miwili, na safari hii hakumwekea kitu mdomoni. Alikuwa anamwita. Hakumwita kwa jina lolote, aliita tu, "Mama, mama, mama," na haikujulikana anamwita nani.

*

Hospitalini kitanda kilikuja mbio, kikaenda mbio. Mlango wa kusukuma ulipigapiga nyuma yake, ukatulia. Muuguzi mwenye miwani alirudi na faili jipya lisilo na kitu ndani, akasimama mbele ya Bi Majibu.

"Wewe ndiye unayeishi naye?"

"Ndiyo, dada."

"Dalili?"

Bi Majibu akajikuta amesimama wima. Mikono ikajipanga yenyewe mapajani. "Kichwa kuuma sana kusikotulia kwa dawa, kuona ukungu au vimulimuli, kuvimba uso na mikono, maumivu ya juu ya tumbo..."

"Mama, sikuulizi dalili ni zipi. Hizo ziko ukutani, nimezibandika mwenyewe. Nakuuliza kwake zilianza lini."

Bi Majibu alianza kuhesabu siku kwa vidole, akaacha.

"Kichwa kilianza lini?"

"Alisema... asubuhi alisema..." Alimtazama mtafiti, kama mwanafunzi anayemtazama mwenzake. "Alisema juzi."

"Na juzi mlifanya nini?"

Swali hilo halikuwa na jibu linalopendwa. Muuguzi aliandika kitu, akaondoka na viatu vyake vya mpira visivyo na sauti. Kuliko kutukanwa, Bi Majibu aliumia kwa kutotukanwa.

Fundi alifika amevaa aproni ya ngozi, miwani ya kuchomelea bado iko kwenye paji la uso. Alikuwa amekimbia. Walimpa karatasi ya kuruhusu upasuaji, akatia saini kwa mkono mweusi wa masizi, alama ya kidole ikabaki pembeni ya jina lake. Daktari alimweleza kwa haraka: presha imepanda mno, wamempa sindano ya kuzuia kifafa, mtoto lazima atolewe sasa hivi ingawa siku zake hazijatimia. "Tunajitahidi kwa wote wawili," alisema. Fundi aliliona neno 'tunajitahidi' jinsi lilivyo jembamba.

Aliketi kwenye benchi. Mama yake alikuwa upande mmoja, mtafiti upande mwingine, na kila upande nafasi ambayo hakuna aliyeisogelea.

"Mama," alisema bila kugeuka. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Zote." Sauti yake ilikuwa kavu. "Zote, kwa mpangilio."

"Alipokwambia kichwa kinamuuma, ulisikia nini?"

Bi Majibu alifikiri. Alilifikiri swali hilo muda mrefu kuliko swali lolote alilowahi kuulizwa. "Nilisikia amepata jibu," alisema.

Fundi alivua miwani kichwani, akaizungusha vidoleni. Alitaka kusema jambo baya, lilikuwa tayari kinywani. Lakini kichwani alikuwa anaziona zile kandambili. "Na mimi nilimvalisha viatu vyangu," alisema mwishowe, "nikaona vinamtosha. Mke wangu anavaa viatu vyangu vinamtosha, na mimi nikaenda kuchomelea geti la mtu."

Mtafiti alisimama. Simu yake ilikuwa inatetemeka. Mkuu wa mradi alikuwa ametoka kikaoni. Hakuipokea. Alimsogelea Bi Majibu, akainama.

"Mama, kwenye swali la dalili nyumba yenu imepata alama zote. Mashine imeshatuma yenyewe."

"Nifutie."

"Siruhusiwi kufuta. Nitaandika maelezo." Akaitia simu mfukoni. "Na mimi niliuona uso wake, mama. Niliuona, nikauliza 'nyingine'."

Bi Majibu alimshika mkono, akauachia. Hawakuwa na kitu cha kupeana.

*

Asubuhi iliyofuata walimruhusu mtu mmoja kuingia. Fundi alitazama mlango, akatazama mama yake, akasema, "Ingia wewe. Anakutaka wewe." Haikuwa msamaha. Ilikuwa kama anamtuma mahali ambapo hakuna mtu mwingine wa kwenda.

Msusi alilala chali, mpira wa dripu mkononi, midomo imepasuka, ulimi mzito wa jeraha. Macho yalikuwa wazi. Daktari alikuwa ameshaeleza pale nje: kwa sasa haoni, anatofautisha mwanga na giza tu, mara nyingi hali hii inaondoka yenyewe ndani ya siku chache, presha ikishuka. Fundi alimuuliza, mara nyingi au mara zote? Daktari akajibu, mara nyingi.

Bi Majibu aliburuta kiti taratibu, akakaa. Macho ya Msusi yaligeuka kufuata mlio wa kiti, yakapita juu ya uso wake, yakasimama ukutani.

"Nani?"

"Ni mimi."

"Mama." Alimeza mate kwa taabu. "Wameniambia ni wa kike."

"Ndiyo."

"Nasikia watoto wa wenzangu wanalia hapa. Wa kwangu simsikii. Nikiwauliza wananiambia yuko chumba cha joto, nipumzike. Mama, yukoje?"

Jibu lilikuja lenyewe. Lilikuwa limepanda hadi ncha ya ulimi, limeiva, tamu, la kupigiwa makofi: mzima kabisa, mnene, amefanana na baba yake, usiwe na wasiwasi mwanangu. Ndivyo anavyoambiwa mzazi. Bi Majibu alihisi kinywa kinalitengeneza. Alifumba mdomo, akalishikilia humo ndani hadi likamezeka, na kulimeza kuliuma.

"Sijui," alisema.

Msusi akageuza uso upande wa sauti.

"Sijamwona, mwanangu. Jana hawakuturuhusu. Nimemsikia muuguzi akisema ni mdogo sana na anasaidiwa kupumua. Hilo ndilo nililolisikia. Zaidi ya hapo sijui."

Chozi lilitoka kwenye kona ya jicho la Msusi, likashuka kuelekea sikioni. Lakini mkono wake ulianza kutafuta juu ya shuka, vidole vile vya kusuka vikipapasa mkunjo kwa mkunjo, mpaka vikakutana na mkono wa mkwewe. Vikaushika. Nje kwenye korido kitoroli cha vyombo kilipita kikigongana, kikaishia mbali.

"Chumba cha joto kiko wapi?"

"Mwisho wa korido hii. Wanafungua sasa hivi kwa ndugu."

"Nenda ukamwone."

"Naenda."

"Mama." Vidole vilikaza. "Usije ukaniambia maneno mazuri."

Bi Majibu alisimama. Pale mwisho wa korido, kwa mara ya kwanza tangu jana, palimwogopesha kuliko kitu chochote. Hakuuachia ule mkono. Aliinama karibu na sikio ambalo chozi lilikuwa limeingia, akasema kwa sauti, si kunong'ona, hata mama wa kitanda cha jirani akageuka.

"Nitakwenda nimtazame kwa macho yangu haya. Nitarudi hapa hapa, nikae kwenye kiti hiki, nikwambie nilichokiona, vile vile nilivyokiona. Kikiwa kizuri nitakwambia. Kikiwa kibaya, mwanangu, nitakwambia, na sitaondoka."